Mgeni Asiyebeba Faili

Shule inayoburura mkia haikosi wageni. Kitabu cha wageni kilicho juu ya meza ya mwalimu mkuu hujaa upesi kuliko daftari lolote la mwanafunzi. Atakuja afisa kutoka halmashauri, watakuja wadhibiti ubora, atakuja diwani wiki ile matokeo yanapotangazwa, atakuja mfadhili na gari lenye antena ndefu. Kila mmoja ataandika jina, cheo na sahihi, na kwenye safu ya maoni utakuta maneno yale yale: ongezeni juhudi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Shule hizi zimepokea wageni miaka nenda miaka rudi, na wenyeji hawajapona.

Nilikuwa mwenyeji wa wageni hao tangu ujana wangu hadi nilipostaafu mwaka 2020, nikiwa na miaka sitini, baada ya kufundisha shule za msingi mkoani Lindi maisha yangu yote ya kazi. Tangu hapo nimegeuka mgeni wa aina nyingine: mama mtu mzima anayekaa katika shule za wenzake, shule zilizodorora, akiwalea walimu. Nilichokiona huko kimenifanya niamini kwamba shule ya namna hiyo huinuliwa na mwalimu mzoefu anayekuja na kukaa, anayeingia darasani na chaki mkononi, na asiye na mamlaka ya kumfanya mtu lolote. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowaudhi wakubwa.

Imani hii sikuipata kwenye semina. Niliipata kwenye UPE.

Sisi tulioingia kazini wakati wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, tumechekwa vya kutosha. Watani walisema herufi zile maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu, na wengine wetu tulizeeka na utani huo. Lakini tukumbuke ilivyokuwa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma ikaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Watoto walikuwapo, vijiji vilijenga madarasa ya miti na udongo, walimu hawakuwapo. Vyuo vya ualimu visingetosha hata vingelaza wanafunzi kwenye varanda. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, mimi nikiwa mmoja wao, ikatupeleka kwenye shule za vijijini tukajifunze kazi palepale. Asubuhi tulifundisha. Mchana tulisoma: masomo ya posta, vipindi vya redio, na mkufunzi aliyezunguka kata kwa baiskeli. Mwishoni tulipelekwa chuoni kwa wiki chache, tukafanya mtihani. Zaidi ya walimu 30,000 walipita njia hiyo.

Mimi nilipangiwa mzee mmoja wa daraja C, aliyesomea ualimu misheni kabla ya Uhuru. Alikuwa mkali wa sauti na mpole wa matendo. Juma la kwanza hakuniruhusu kushika chaki. Alifundisha, mimi nikakaa nyuma. Juma la pili alinipa mwanzo wa kipindi tu, dakika zile za kuwarudisha watoto kwenye jambo la jana, halafu akachukua darasa lake. Sehemu yangu iliongezeka kidogo kidogo hadi siku moja nikagundua kwamba yeye ndiye amekaa nyuma.

Na namna alivyokaa! Wakaguzi tuliowazoea walikaa karibu na mlango na daftari gotini, macho kwa mwalimu. Mzee alibanana kwenye dawati pamoja na watoto watatu waliokuwa wazito wa kuelewa, akatazama mikono yao. Kipindi kikiisha tulikwenda chini ya mkorosho uliokuwa nyuma ya ofisi. Hakuniambia nimefundisha vizuri wala vibaya. Alinieleza wale watatu waliandika nini. Kwamba mmoja alinakili ubaoni hata tarehe akaishia hapo. Kwamba mwingine alijua jibu ila hajui sifuri inakaa upande gani. Kisha akauliza: kesho utawafanyaje? Basi, akawasha kiko chake. Nimehudhuria mafunzo mengi baada ya hapo, yenye posho na chai ya saa nne, na sijapata swali lililonifaa kuliko hilo.

Sitaki kuipamba UPE. Madarasa yalifurika, vitabu havikutosha, na uchumi ulipoyumba baada ya vita vya Kagera hata chaki ikawa ya kugawana vipande. Wakufunzi wa kuzunguka walikuwa wachache mno kwa kazi waliyopewa. Wenzangu wengi hawakubahatika kupata mzee kama wangu. Walitupiwa darasa siku ya kwanza, wakafundisha kama walivyokumbuka kufundishwa wao: kuimbisha na fimbo. Ndiyo sababu ubora wa walimu wa UPE ulipishana sana. Jambo moja jema lililokuwa ndani ya mpango ule, la kumweka mwalimu mchanga chini ya mkono wa mzoefu, halikufika kila mahali. Nasi badala ya kulifikisha tukaliacha, tukashika semina.

Enzi za semina nazo nimezila. MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza mwaka 2002 ada ikiwa imefutwa, watoto walirudi shuleni kwa wimbi kama lile la UPE, na mafunzo yakaja: kwenye vituo vya walimu, kwenye kumbi za mjini, juma zima. Uliporudi ulikuwa na kalamu mpya, fulana, na daftari lililojaa maneno mazuri kuhusu ushirikishwaji wa mwanafunzi. Darasa lilikuwa linakusubiri kama ulivyoliacha, na hakuna aliyekuja kuona kama kile ulichofundishwa kinawezekana kwa watoto waliokaa wanne kwenye dawati la watu wawili. Mtu akikwama, alikwama peke yake.

Huku kwetu Kusini, mwari hatupwi ndani peke yake. Ana kungwi wake, anayelala naye chumba kimoja, anayemfunza, anayemtetea, na anayeulizwa mwari akitoka hajui. Mwalimu wa ajira mpya tunampokea kwa barua ya kuripoti na funguo za nyumba isiyo na dirisha.

Shule ya kwanza niliyokwenda baada ya kustaafu siitaji. Iko bara, upande wa korosho, na kwa miaka kadhaa ilikuwa ya mwisho katika kata kwenye mtihani wa darasa la saba. Aliyeniomba niende ni Afisa Elimu Kata, kijana ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, na nauli ya bodaboda mwanzoni aliitoa mfukoni mwake. Walimu walinipokea kwa shikamoo nyingi na macho ya wasiwasi. Kila mmoja alikuwa na andalio la somo mezani, wino haujakauka vizuri. Mwalimu mmoja wa kiume, mwenye ujasiri kuliko wenzake, akauliza: "Mama, umetumwa na nani?" Nikamwambia nimeombwa, sikutumwa, na ripoti siandiki. Hakuniamini. Angekuwa mjinga kuniamini siku ile.

Nilichoomba kwa mwalimu mkuu ni kipindi kimoja kila siku, Kusoma, darasa la pili. Mwenye darasa akae au asikae, hiari yake. Siku za mwanzo alitoka kwenda kusahihisha madaftari. Baadaye akawa anasimama dirishani, kisha akaingia. Mwalimu wa la tatu naye akaanza kupita pita. Mtu mzima akikuona unatoka jasho mbele ya watoto wake, somo lako la kwanza likivurugika kwa sababu kadi zimepeperushwa na upepo, anaanza kukuona mwenzake. Ningekaa ofisini kutoa ushauri ningekaa mpaka leo.

Shida ya shule ile haikuwa ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha wageni. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja, wakati kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na aliyepewa darasa hilo ni mwalimu aliyekuwa akisubiri uhamisho, asiyependa kufundisha wadogo na asiyeficha. Mwalimu hodari kuliko wote, mama mmoja mwenye mkono mzuri wa ubao na subira isiyoisha, alikuwa amefungiwa darasa la saba. Usimlaumu mwalimu mkuu haraka. Yeye hupimwa kwa la saba. Hata baada ya Baraza la Mitihani kuacha kutangaza shule kumi bora, huko wilayani nafasi zinaendelea kuhesabiwa, na mwalimu mkuu wa shule ya mwisho huitwa kikaoni asimame. Kwa hiyo anapeleka nguvu zake zote mwisho wa safari, kwa watoto ambao walipotea mwanzoni.

Tulipima. Tulichukua hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, namna ile ya utafiti wa Uwezo ulioanza kwetu mwaka 2010 kwa kuiga kazi ya ASER ya India, tukaita watoto mmoja mmoja kuanzia la tatu hadi la sita chini ya mwembe. Walimu wenyewe walipima, mimi nikashika kalamu tu. Mvulana mmoja wa la nne alisoma ukurasa wote bila kukosea hata neno, sauti imetulia, huku kidole chake kikiwa bado kwenye mstari wa pili. Alikuwa amekariri kwa kuwasikia waliomtangulia kwenye foleni. Nilipomwonyesha neno moja katikati ya ukurasa, akanyamaza. Mwalimu wake alikuwa amekaa pembeni yake. Hakuna hotuba ingeweza kumwambia alichokiona mwenyewe asubuhi ile.

Mwalimu mkuu alichukua muda kukubali. Tulibishana kama watu wa nyumba moja, yeye akiniita mama na mimi nikimwita baba mkuu, na mwishowe tukafikia mapatano ambayo vitabu vya uongozi wa shule havitayapenda: yule mama hodari aende darasa la kwanza mwezi Januari, lakini Hisabati ya la saba abaki nayo. Watoto wa la kwanza wakagawanywa, kundi moja asubuhi, jingine baadaye. Kuhusu mkuu mwenyewe, kazi yangu kubwa ilikuwa kumtoa ofisini. Siku hizi mwalimu mkuu ni mhasibu, ni msimamizi wa ujenzi wa force akaunti, ule usio na mkandarasi, anahesabu mifuko ya saruji, anajaza takwimu, anaitwa mjini. Ruzuku ya uendeshaji ni ndogo, kisha nayo inadai karatasi nyingi. Tulikubaliana kwamba kipindi cha kwanza cha asubuhi simu inabaki kwenye droo na sisi wawili tunaingia darasani, leo hili, kesho lile. Alikuwa mwalimu mzuri sana wa Kiswahili. Alikuwa amesahau tu.

Mzoefu naye lazima afundishike. Binti mmoja wa ajira mpya, aliyetoka Kagera, ndiye aliyenifundisha mimi kufundisha kusoma kwa sauti za herufi, kama mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa mwaka 2015 ulivyotaka kwa darasa la kwanza na la pili. Sisi tulizoea kuimbisha ba, be, bi, bo, bu mpaka paa litikisike. Niliona kwa macho yangu watoto wakiunganisha sauti wakapata neno ambalo hawajawahi kuliona. Yeye hakujua kupanga watoto mia wakae watulie. Hilo alilipata kwangu. Tulibadilishana.

Binti huyo alikuwa amekwisha andika barua ya uhamisho. Nilipomuuliza kwa nini, hakutaja watoto wala mshahara. Alipanga chumba kilichovuja, maji aliyafuata mbali saa kumi alfajiri, na kijijini hakuwa na mtu wa kumwita dada. Hakuna fomu ya udhibiti ubora yenye kisanduku cha jambo hilo. Nikamtafutia chumba kwa bibi mmoja mjane mwenye kisima uani. Ile barua sijui aliichana au aliificha, ila kufikia msimu wa korosho alikuwa bado yupo, na ni yeye aliyekwenda mashambani na mwenyekiti wa kijiji kuwarudisha watoto waliokuwa wakiokota korosho badala ya kuja shule. Mambo haya ni ya kazi. Mwalimu asiyelala vizuri hafundishi vizuri, na mlezi asiyejua mwalimu wake analala wapi hajamlea.

Sasa nirudi kwenye lile sharti la mamlaka. Afisa mmoja aliniita ofisini kwake, akanipa soda, akasema: "Mwalimu, wewe uko ndani. Tupe majina ya wazembe." Alisema kwa nia njema, nadhani. Wazembe walikuwapo, na mmoja nilimjua vizuri. Nikampa orodha ya madawati yaliyovunjika. Hakufurahi, na nauli niliyokuwa nimeanza kulipwa ilikatika kwa muda. Utoro wa walimu una wenyewe wa kuushughulikia: mwalimu mkuu, halmashauri, Tume ya Utumishi wa Walimu. Wadhibiti ubora wana kazi yao ya halali na wanahitajika. Lakini siku ambayo jina moja lingetoka kinywani mwangu kwenda wilayani, yale maandalio yenye wino mbichi yangerudi mezani, na hakuna mwalimu ambaye angeniambia tena, kama alivyoniambia yule jamaa jasiri, kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuelewa kugawanya sehemu na miaka yote amekuwa akiiruka mada hiyo. Tuliisoma wote wawili kwa vipande vya muhogo baada ya watoto kuondoka. Hilo hulipati ukiwa na faili kwapani.

Haya si mawazo ya kizee peke yake. Kenya, kwenye mpango wa Tusome ulioanza nchi nzima mwaka 2015, waliwapa maafisa wasaidizi wa mtaala vishikwambi na nauli, na kazi yao kubwa ikawa kukaa darasani na mwalimu, kumsikiliza mtoto akisoma, kisha kuzungumza na mwalimu hapohapo. Afrika Kusini, katika jimbo la North West, watafiti walilinganisha walimu waliopata semina za pamoja na wale waliotembelewa darasani na mkufunzi mzoefu. Vitabu na maandalio vilikuwa vile vile kwa wote. Faida waliyopata watoto wa walimu waliotembelewa ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya wenzao. Na hapa kwetu Lindi uliingia baadaye mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mikoa mingine mwaka 2014, ambao uliwawezesha waratibu elimu kata, kama walivyoitwa wakati huo maafisa elimu kata, kupata pikipiki ili wafike shuleni. Walifika. Ila pikipiki ikiwapo kila ofisi inaikumbuka: takwimu zifuatwe, Mwenge upokelewe, michango ihimizwe, kikao cha dharura kihudhuriwe. Afisa Elimu Kata mwenye shule tano na maagizo kumi hawezi kukaa chini ya mkorosho na mtu mmoja.

Sasa tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na jumuiya za kujifunza ambamo walimu wa shule moja hukutana kujadili somo linalowashinda. Naipenda. Pale shuleni pakiwa na walimu wawili watatu imara, inakwenda. Lakini katika shule ya mwisho, ambamo wote wamechoka na wote wana hakika kwamba watoto ndio wazito, mkutano huo hugeuka kuwa wa kuthibitisha kile walichokwisha kuamini. Hapo anahitajika mtu kutoka nje aliyewahi kuona watoto kama hao wakisoma.

Watu hao wapo. Kila mwaka walimu wanafikisha miaka sitini, wanakabidhiwa mashine ya kushonea au godoro siku ya kuagwa, wanakwenda kulima. Si kila mmoja wao anafaa. Wapo waliofundisha mwaka mmoja wakaurudia mara thelathini. Wapo watakaoingia shuleni na fimbo kwapani na hadithi za jinsi watoto wa zamani walivyokuwa na adabu. Kipimo changu ni rahisi: mpe darasa la kwanza asubuhi, walimu wengine wakiona, halafu umsikilize anavyolizungumza somo lake mwenyewe mchana. Anayejitetea sana, mshukuru, mpe chai, arudi shambani. Anayekuambia watoto gani walimshinda, mbakishe.

Kwenu wakurugenzi wa halmashauri na maafisa elimu: orodha ya wastaafu mnayo, maana ninyi ndio mliowaandikia barua. Chukueni shule tatu za mwisho katika wilaya, kila moja ipeni mtu mmoja, abaki hapo mwaka mzima wa masomo na si juma la maonyesho. Msimdai ripoti ya majina. Mlipeni nauli, na mlipe kwa wakati.